Naomba ushauri: gari limefika kilomita 243,000, nianze na nini?

Habari zenu wakuu. Nina gari la petroli, la otomatiki, nililinunua kwa mtu likiwa limeshatembea sana. Bado linawaka vizuri na halitoi moshi, na ningependa linifikishe kilomita 300,000. Ndiyo maana nataka kupanga matengenezo mapema, nisingoje linizimikie njiani.

Oili ya injini na filta nabadilisha kila kilomita 5,000, na kila wiki nachomoa stiki kuangalia, maana linakula oili kidogo. Plagi na filta ya hewa ni mpya.

Kinachoninyima usingizi ni taiming belti, ule mkanda wa ndani ya injini unaofanya valvu na pistoni zicheze kwa mpangilio. Aliyeniuzia hakuwa na kumbukumbu yoyote ya lini ilibadilishwa, na kwa injini nyingi belti ikikatika valvu zinagongana na pistoni, hapo ni kushusha injini. Nawaza niibadilishe sasa hivi pamoja na tenshona (kikaza belti) na wota pampu, kwa kuwa kazi ya kufungua ni ileile. Niko sahihi?

Halafu oili ya gia boksi. Fundi mmoja anasema nisiiguse kabisa, gia zitaanza kuteleza. Mwingine anasema nimwage kiasi kinachotoka chenyewe, nijaze, nirudie baada ya muda, bila kusafisha kwa mashine. Imekuwa kahawia iliyokoza lakini hainuki kuungua, na gia zinaingia bila kushtuka.

Aliyewahi kuwa na gari la umri huu, tafadhali anieleze alifanya nini na gia zilikuwaje baadaye. Na bushi za mbele, zile raba za kwenye mikono ya magurudumu, mnabadilisha zote kwa pamoja au iliyochoka tu?