Kisanduku cha majaribio, micro:bit au vitu vya nyumbani: kipi kinafaa kwa watoto wanaosomea nyumbani?

MzaziMwalimu: Habari zenu, wanajukwaa. Ninawafundisha nyumbani watoto wawili, wa miaka 7 na 11, na ninataka somo la sayansi litoke vitabuni liingie mikononi. Nimebaki na njia tatu: kisanduku cha majaribio chenye vipande na maelezo ya hatua kwa hatua, bodi ya micro:bit (kompyuta ndogo ya kujifunzia kupanga programu), au vitu vilivyomo nyumbani. Kwa mliokwisha kuzijaribu, ni ipi inayodumu?

BabaPacha: Sisi tulianza na kisanduku. Kwa mzazi asiye na msingi wa sayansi kinaondoa hofu, lakini wangu walifuata picha, taa ikawaka, na kisanduku kikarudi kabatini. Nilipowauliza kwa nini imewaka, walijibu kwamba ndivyo picha ilivyoonyesha.

FundiSaketi: Kwa huyo wa miaka 11 ningechagua micro:bit. BBC iliisambaza mwaka 2016 kwa wanafunzi wa Uingereza wa umri kama wake. Ina taa 25, vitufe viwili, dira na kihisi cha mwendo, na programu yake hupangwa kwa vipande vya rangi kabla ya kuhamia Python, lugha ya programu inayoandikwa kwa maneno. Arduino Uno, bodi nyingine ya kupangia programu, ni nzuri pia, ila haiji na vihisi vyovyote, hivyo karibu kila mradi huanza na kuunganisha nyaya. Mdogo aanze na ScratchJr, programu ya watoto wadogo ya kujifunza kupanga hatua kwa vipande vya picha.

MamaDaftari: Naomba kutofautiana kidogo na ndugu Fundi. Kabla ya kununua chochote, funga jiwe kwenye uzi wa sentimita 25, liache libembee, na upime muda wa kwenda na kurudi: ni takriban sekunde 1. Kisha waulize watoto uzi uwe mrefu kiasi gani ili muda uwe sekunde 2. Wangu walisema sentimita 50 bila kusita, wakapima, wakakataa kuamini, wakapima tena, na ilituchukua asubuhi nzima kufika kwenye mita 1. Wahesabu mizunguko 10 ndipo wagawanye, kwa sababu kuchelewa kwa kidole kwenye saa kutagawanyika vilevile. Baadaye badilisheni jiwe kwa zito zaidi; nanyamaza kuhusu matokeo.

FundiSaketi: Hilo silipingi. Betri ya limau nayo ni ya namna hiyo: limau moja lenye shaba na zinki halifikii volti 1, ilhali taa nyekundu ya LED huhitaji karibu 2, kwa hiyo jaribio la kwanza hushindwa na mtoto hulazimika kutafuta sababu.

BabaPacha: Basi kisanduku changu nitakitoa tena, ila karatasi ya maelezo nitaificha. Tahadhari moja: betri za kitufe ziwekwe mbali na wadogo, maana zikimezwa huunguza koo kwa muda mfupi.

MzaziMwalimu: Nashukuru. Tumeanza na uzi, na micro:bit itasubiri. Mdogo ameuliza kama muda utabadilika akilivuta jiwe mbali zaidi, nami sikuwa na jibu.

MamaDaftari: Usimtafutie jibu. Apime akilivuta kidogo, kisha akilivuta mpaka uzi ukaribie kulala, na hapo ahesabu mizunguko michache tu, kwani jiwe hupunguza upana wa kubembea upesi.