Neno "boot": kiatu, gari, kompyuta. Asili yake ni moja?

Kijana_Soweto (Moshi)
Wakuu, nasomea kuongoza watalii na neno hili linanichanganya. "Boots" ni viatu vya mlimani, "put it in the boot" ni buti ya gari, "reboot" ni kuzima na kuwasha upya. Sasa nimekuta "He is a good cook, and honest to boot". Hapo kiatu kinaingiaje?

BiKamusi
Hakiingii, mwanangu. Hayo ni maneno mawili yaliyogongana kwa sauti. Kiingereza cha kale kilikuwa na "bōt", yaani faida au fidia, ndugu wa "better" na "best". Watu wakibadilishana mali, mwenye kitu cha thamani ndogo aliongeza kingine juu yake, na nyongeza hiyo ndiyo "boot". Kwa hiyo "to boot" ni "tena" au "juu ya hayo": mpishi hodari, tena mwaminifu. Huja mwishoni, bila "the" wala "s". Angalia pia "bootless": wengi hutafsiri "peku", kumbe ni "bila faida".

Kiatu ndicho kilichotoka Kifaransa cha kale, "bote", kikaingia Kiingereza karne ya 14.

Fundi_Majengo
Ya kompyuta imetoka kwenye kiatu, ila kwa kupitia kamba. "Bootstrap" ni kile kitanzi cha nyuma cha kuvutia buti mguuni. Kiingereza kina msemo wa kujiinua kwa kuvuta vitanzi vya buti zako mwenyewe. Miaka ya 1950 wataalamu wakauchukua, kwa sababu kompyuta ikiwaka haina programu kwenye memori: programu ndogo hupakia kubwa zaidi, hadi mfumo mzima usimame.

Ukiona "No bootable device", kwanza chomoa flashi. Mara nyingi mashine inaanza kutafuta mfumo humo na haiukuti. Ikigoma bado, kagua diski na waya wake.

Dereva_Kaskazini
Kwenye magari ya farasi ya Uingereza, "boot" ilikuwa sehemu ya kukaa wahudumu, baadaye ikawa ya mizigo. Mmarekani mwambie "trunk". Kwake "boot" ya gari ni lile pingu la chuma linalofungwa kwenye gurudumu ukiegesha vibaya, ambalo Frank Marugg wa Denver alilipatia hataza mwaka 1958.

Kwenye kukodisha vifaa, "boots" ni viatu vyenye shingo inayofunika kifundo. Mgeni akisema namba 8, usikimbilie stoo. Muulize 8 ya wapi: ya Uingereza ni kama 42 ya Ulaya, ya Marekani kwa wanaume ni kama 41. Kosea hapo na kucha zitaumia wakati wa kushuka.

Kijana_Soweto (Moshi)
Shukrani sana. Na "bootleg"?

BiKamusi
Ni shingo ya buti. Huko Marekani, karne ya 19, wauza pombe ya magendo walificha chupa humo. Baadaye neno likahamia kwenye muziki unaorekodiwa na kuuzwa bila idhini.