Mafunzo ya mtandaoni ofisini kwetu yamedoda, tunakosea wapi?

Mzee_wa_Posho
Wakuu habari za jioni. Niko kitengo cha rasilimali watu kwenye taasisi ya mikopo midogo, tuna matawi kuanzia Sumbawanga mpaka Tunduru. Zamani maafisa mikopo tulikuwa tunawaita Dar wiki nzima, nauli, lodge, posho, bajeti inakata kabla hata mwaka haujafika katikati, ndo wakubwa wakasema sasa kila kitu mtandaoni. Mfumo ukanunuliwa, keki ikakatwa. Leo nikifungua ripoti naona watu wanaingia siku ya mwisho saa tano usiku, wanabofya mbele mbele, maksi 90, cheti. Kuna tawi nimegundua kwizi za ofisi nzima kafanya binti wa fildi (mwanafunzi wa mazoezi kazini), paswadi zao zote anazo kwenye daftari!! Niwaandikie barua za onyo au?

Keshia_Mchovu
Barua ya onyo mpe aliyetengeneza kozi 😂 Mi niko kaunta toka saa mbili asubuhi, hesabu ikigoma kubalansi natoka giza limeingia, daladala mbili, nifike nyumbani halafu kwa bando langu mwenyewe nikae na video ya dakika 50 mtu anasoma slaidi? Huyo binti hata mimi ningempa paswadi.

FundiSeva
Mfumo gani mkuu? Kama ni Moodle (ni bure hiyo, ipo tangu 2002, natumai hamkuuziwa) ina app ya simu, mtu anashusha kozi akiwa na wifi ya ofisi anasoma hata porini, hata kwizi anafanya bila mtandao ukiruhusu kwenye setingi na usipoweka muda, akirudi kwenye mtandao majibu yanapanda yenyewe. Hizo video katakata ziwe dakika tano tano.

Nesi_Kisumu
Huku Kenya shirika la afya la AMREF na Baraza la Wauguzi walianza 2005 kuwapandisha manesi wa cheti wawe wa diploma kwa kompyuta, na walikuwa zaidi ya elfu ishirini, darasani ingechukua miaka mingi sana. Mamangu alipitia hiyo. Kompyuta ziliwekwa hapo hapo hospitalini, anatoka zamu anaingia kusoma, alafu mambo ya wodini ni lazima uyafanye kwa mikono mbele ya mtu anakuangalia, hapo hutumi mtu akufanyie. Nyinyi mmenunua mfumo lakini saa ya kusoma hamjampa mtu, si ndio?

Mzee_wa_Posho
Dah, saa kweli hatujatoa. Mameneja wa matawi wanasema wao wanapimwa kwa marejesho sio kwa vyeti.

Keshia_Mchovu
Basi waonyeshe marejesho. Weka kozi ya kumpima mkopaji, mtihani wake leta faili la mteja halisi, ficha jina, kila mtu aseme angempa shilingi ngapi na kwa nini, mbele ya meneja. Kwizi ya kweli si kweli hata mwanangu wa darasa la sita anapasi.

Mzee_wa_Posho
Nimeipenda hiyo. Naanza na Tunduru, Jumatano saa moja na nusu kabla kaunta haijafunguliwa, bando la ofisi. Ila swali la pembeni, yule binti wa fildi nimfanyeje maana nimempigia leo nimuulize maswali mawili matatu, aisee sera yetu ya mikopo anaijua kuliko meneja wake.

FundiSeva
Mpe ajira huyo 😂