Ulinganisho: kushusha spidi, kulainisha mguu au kuweka frii mteremkoni, kipi kinaokoa mafuta zaidi?

DerevaMpole
Wakuu, habari za safari. Nina gari dogo la petroli, na kilomita zangu nyingi ni za barabara kuu. Ndani ya mji naingia kidogo tu. Bili ya mafuta imenichosha na gari sina mpango wa kubadilisha, kwa hiyo kilichobaki ni kubadilisha dereva.

Mezani nina njia tatu. A, nishuke kutoka kilomita 120 kwa saa nilizozoea hadi 90 au 100. B, nibaki na 120 yangu ila nilainishe mguu, nisikanyage kwa hasira wala kufunga breki ovyo. C, niwe naweka frii, yaani gia huru, kwenye miteremko, jamaa yangu mmoja anaapa kwamba inamsaidia sana. Methali ya haraka haraka naijua, msinirudishie. Nataka lita na dakika.

BintiHesabu
Mkuu, tuanze na hewa, maana ukishavuka 80 hivi ndiyo inayokula mafuta yako. Upinzani wa hewa unakua kwa mraba wa spidi. Kutoka 80 hadi 120 spidi imepanda mara moja na nusu tu, lakini hewa inakurudisha nyuma kwa nguvu mara 2.25. Na kwa kuwa kila kilomita unaikata kwa muda mfupi zaidi, kazi ambayo injini inaifanya kila sekunde kuishinda hewa hiyo inakaribia mara 3.4. Msuguano wa matairi hauna tabia hiyo, unabaki karibu palepale.

Sasa chukua gari la mfano, saluni ya kawaida, barabara tambarare. Tuseme kwa kilomita 100 linakula lita 10 ukienda 140, lita 8 ukienda 120, 6.7 ukienda 100, 5.7 ukienda 80 na 5 ukienda 60. Gari lako litakuwa na namba zake, ila mchoro utafanana.

Watu wengi wanaishia hapo na kusema "nenda 60 basi". Hapana. Ulizeni kila saa ninayoitoa inanilipa lita ngapi. Kushuka 140 hadi 120 kunakupotezea dakika 7 kwa kilomita 100 na kunakuachia lita 2, yaani kama lita 17 kwa kila saa uliyoitoa. Kushuka 120 hadi 100 ni dakika 10 kwa lita 1.3, karibu lita 8 kwa saa. 100 hadi 80 ni dakika 15 kwa lita 1, hapo saa inalipa lita 4. Na 80 hadi 60? Dakika 25 kwa lita 0.7. Saa yako nzima imenunuliwa kwa lita isiyofika mbili.

Kwa hiyo zile 20 za kwanza za spidi unazozitoa juu ndizo zenye mshahara mnono. Kadiri unavyoshuka, mshahara unapungua na muda unaotoa unaongezeka. Zidisha lita na bei ya pampu yako, halafu ujiulize saa yako ina thamani gani. Mimi kwa namba hizi ningesimama kwenye 95 au 100.

GiaYaTano
Dada BintiHesabu, hesabu nzuri, ila hujagusa jambo moja. Ukienda polepole injini inawaka muda mrefu zaidi. Safari ya saa moja inakuwa saa moja na robo, na dakika 15 hizo injini haifungi mdomo. Mimi naona ukikimbia unafika, unazima, umemaliza.

FundiGia
Mkuu GiaYaTano, hoja yako ni ya kweli kwenye spidi za chini, si za juu. Injini ndogo ikiunguruma tu huku gari limesimama, inakunywa chini ya lita moja kwa saa, kwa hiyo dakika 15 za ziada ni kama robo lita, au chini ya hapo. Na robo hiyo tayari imo kwenye namba za dada, ndiyo maana faida ya kutoka 80 kwenda 60 ni ndogo vile. Ukishuka zaidi, 40 au 30, gia ya juu haikubali tena, unarudi ya tatu au ya pili, injini inazunguka sana kwa umbali mdogo, na ulaji kwa kilomita unapanda upya. Magari mengi yanakuwa na raha kati ya 60 na 80 yakiwa gia ya mwisho.

Msilazimishe pia gia ya tano kwenye 40 ili mshale wa resi ulale. Injini inatetemeka, inavuta kwa shida, na wewe unakanyaga zaidi kuisaidia.

Sasa C. Gari lenye nozeli zinazoendeshwa na kompyuta, yaani karibu kila gari unaloliona leo, ukiachia kanyagio la mafuta huku gia imo, kompyuta inakata mafuta kabisa. Magurudumu ndiyo yanazungusha injini. Kama dashibodi yako ina kipimo cha papo kwa papo, jaribu kwenye mteremko: gia ya nne, mguu juu, subiri kidogo, utaona 0.0. Ukiweka frii namba inarudi kupanda, kwa sababu sasa injini inabidi ilishwe isizimike. Huyo jamaa yako, DerevaMpole, pengine alijifunzia kwenye kabureta, ule mfumo wa zamani wa kuchanganya mafuta na hewa bila kompyuta. Kwenye kabureta kulikuwa na kitu cha kubishania.

Nikiwa mkweli, kuna mteremko mdogo sana ambapo gia ingekupunguzia mwendo na frii ingekubeba mbele zaidi. Hapo frii inaweza kushinda kwa tone. Ila umeacha breki ya injini, na kwenye mteremko mrefu breki za miguu zikifanya kazi peke yake zinapata moto, zinaacha kushika. Sitamshauri mtu.

Na kuna wale wanaozima injini kabisa wakishuka. Stering inakuwa nzito, breki inakupa mikanyago michache yenye msaada halafu inakuwa ngumu kama ukuta. Hiyo siijadili.

MamaSafari
Naungana na BintiHesabu kwa asilimia tisini. Hiyo kumi iliyobaki ni kwamba dakika zake ni za karatasini. Nani anashika 120 kilomita 100 mfululizo? Kuna lori mbele, kuna matuta, kuna vivuko, kuna mji mdogo kila baada ya muda. Anayelenga 120 anapata wastani wa 80 na kitu, anayelenga 100 anapata wa 75 hivi. Nimewahi kupitwa na gari kwa kishindo, nikalikuta nyuma ya lori lilelile, wote tunasubiri nafasi. Muda anaoupoteza dereva mpole ni mdogo kuliko dakika 10 zile, lakini mafuta aliyookoa hayarudi nyuma, kwa sababu yule mwingine anakanyaga hadi 120, anafunga breki, anakanyaga tena.

Hapo ndipo A na B zinapokutana. Ukilenga 100 badala ya 120, kushuka hadi mwendo wa lori na kupanda tena ni hatua fupi. Mguu unalainika wenyewe hata kama hukukusudia.

BintiHesabu
Dada MamaSafari, nakubali, na inanisaidia hoja. Dakika zikipungua, kila saa inalipa lita nyingi zaidi.

SemiTrela
Vijana, niingie kidogo. Sisi wa malori hatuna anasa ya kuchagua 120. Ulaya malori makubwa yanafungwa gavana, kifaa cha kuzuia spidi, kwenye 90 kwa sheria, na pua ya lori ni ukuta, kwa hiyo kila kilomita 5 za spidi unaziona kwenye tanki.

Lakini kinachomtenganisha dereva wa lori anayeokoa na asiyeokoa, spidi peke yake haitoshi kukieleza. Ni macho. Ukiona taa nyekundu au msongamano mbali, toa mguu mapema na uliache gari lijiendee na gia ndani. Ukifika, foleni imeanza kusogea, unachukua ukiwa bado na mwendo. Kila unapokanyaga breki unatupa mafuta ambayo umeshayalipia. Kwenye mlima, usipigane kushika spidi ileile hadi kileleni. Kubali ishuke kidogo ukipanda, mteremko utakurudishia. Cruise control nyingi, yaani vile vifaa vya kushika spidi vyenyewe, hazijui hilo, zinakanyaga hadi mwisho mlimani. Tambarare iwashe, milimani izime.

Na kusogelea mgongo wa lori ili likukingie upepo, msifanye. Upepo kweli unapungua, lakini mimi nikifunga breki wewe hujakiona nilichokiona mimi.

GiaYaTano
Shikamoo mzee SemiTrela. Kwa hiyo wewe unasema B inaishinda A?

SemiTrela
Marahaba. Mjini B inashinda, hakuna mjadala, maana huko hewa haina nguvu, ni kuondoka na kusimama tu. Barabara kuu iliyo wazi, A. Pale hakuna cha kulainisha, mguu umetulia tayari na hewa ndiyo inakula.

FundiGia
Idara ya Nishati ya Marekani inasema kuendesha kwa fujo, yaani kukimbia, kukanyaga na kufunga breki kwa nguvu, kunapunguza kilomita kwa lita kwa kama asilimia 15 hadi 30 kwenye spidi za barabara kuu, na 10 hadi 40 kwenye foleni za simama-twende. Kwa hiyo dereva mwenye papara ana mengi ya kuvuna kwenye B. Aliye mtulivu tayari hana, abaki na A.

MpendaHistoria
Serikali nazo zimeshapita kwenye swali hili. Baada ya mgogoro wa mafuta wa 1973, Rais Nixon alitia saini Januari 1974 sheria iliyoweka kikomo cha maili 55 kwa saa, kama kilomita 89, Marekani nzima. Watu walinung'unika kwelikweli. Mwaka 1987 barabara kuu za vijijini zikaruhusiwa 65, na 1995 kikomo hicho cha taifa kikafutwa. Hispania ilishusha 120 hadi 110 kwa miezi michache mwaka 2011 mafuta yalipopanda. Machi 2022 Shirika la Kimataifa la Nishati lilitoa mpango wa hatua kumi za kupunguza matumizi ya mafuta, na hatua ya kwanza kuorodheshwa ilikuwa kushusha spidi za barabara kuu kwa angalau kilomita 10 kwa saa.

Angalieni hizo namba mbili za mwisho: kumi. Hakuna aliyewaambia watu waende 60.

Na meli vilevile. Bei ya mafuta ilipopanda mwaka 2008, kampuni za makontena zilianza kupunguza mwendo baharini kwa makusudi, na nyingi hazikurudi kwenye mwendo wa zamani.

MamaSafari
Kabla hujaanza, DerevaMpole, juu ya gari kuna nini? Maana watu wanashusha spidi huku keria imekaa mwaka mzima bila mzigo. Boksi la juu linaweza kula asilimia 6 hadi 17 barabara kuu. Na upepo wa matairi upime asubuhi yakiwa ya baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye fremu ya mlango. Usisome kile kilichoandikwa kwenye tairi lenyewe, hicho ni kikomo cha juu cha tairi.

DerevaMpole
Nashukuru sana wakuu. Keria ipo na haina kitu, nitaitoa wikendi hii. C nimeifuta. Nitashika 100 barabara kuu, na mjini nitafuata macho ya mzee SemiTrela. Swali la mwisho: nitajuaje kama kweli imeokoa? Kipimo cha dashibodi nakiamini?

FundiGia
Usikitegemee peke yake, vingi vina tabia ya kumpendeza mwenye gari. Jaza tanki pampu ileile, gari likiwa limesimama sawa, na ukate pale bunduki inapojikata mara ya kwanza. Usiongeze matone ya kuweka namba iwe nzima. Sifurisha trip, kile kihesabu cha kilomita za safari. Ukirudi kujaza, lita ulizoweka gawanya kwa kilomita ulizokwenda, zidisha kwa 100. Jaza ikiwa imebaki robo au chini, kosa dogo la pampu lisikudanganye.

BintiHesabu
Na usitoe keria siku ileile unayoshusha spidi, hutajua nani kakuokolea. Toa keria kwanza, endesha 120 yako matanki mawili matatu, andika. Halafu ndiyo ushuke 100. Andika na upepo pia: ukienda 90 dhidi ya upepo wa 30 uliokukabili uso kwa uso, bodi inapigwa na hewa ya 120.

GiaYaTano
Mimi nitaanza na 110. Msinicheke.

SemiTrela
Hakuna anayekucheka kijana. Kaa tu njia ya pembeni, ya kupitana waachie wenye haraka yao.