Naomba ushauri: Roadster, MR-S au Toyota 86, ipi unaisikia barabara vizuri mkononi?

MwambaWaBwiru (mtoa mada)
Wakuu, habari za jioni. Nataka kuagiza gari ndogo ya spoti kutoka Japani, gia za mkono, isizidi kilo 1,250. Zimebaki tatu: Mazda Roadster za mwanzo (NA, toleo la kwanza, au NB, la pili), Toyota MR-S na Toyota 86. Nguvu ya injini si hoja. Nataka usukani ambao mkono unasikia tairi ya mbele inafanya nini. Siku za kazi ni mjini na kilima cha Bwiru, wikiendi ni Usagara mpaka daraja la Kigongo–Busisi, au njia ya Musoma kupitia Magu. Ushuru tuuache, kikokotoo cha TRA nimeshakipitia. Nichukue ipi, na nikague nini?

FundiNyakato
Mkuu, kwanza ujue hisia yenyewe inatoka wapi. Ukiwa kwenye kona, lami inaisukuma tairi ya mbele pembeni, na msukumo huo unashika nyuma kidogo ya katikati ya pale tairi inapogusa chini. Ndiyo maana usukani unataka kurudi wenyewe. Tairi ikikaribia kuteleza, ule umbali wa nyuma unapungua kabla mshiko haujaisha, na usukani unalegea mkononi. Huko kulegea ndiko unakokutafuta. Mota ya umeme inayosaidia usukani inaweza kukufichia hisia hiyo, bushi (mipira ya viungo vya chini) zilizochoka pia, hata kasta (mlalo wa mhimili wa kukata kona kwenda nyuma) ikizidishwa.

NA isiyo na pawa (msaada wa usukani) ina uwiano wa 18:1, yaani usukani digrii 18 kwa tairi digrii 1; yenye pawa 15:1. Isiyo na pawa ndiyo unayoisikia zaidi, na uzito wake ni wa kuegesha tu: usikate usukani gari imesimama, iache ibingirike kidogo kwanza. MR-S ina pampu ya oili inayozungushwa na mota ya umeme badala ya mkanda, na injini iko nyuma ya viti, kwa hiyo pua ni nyepesi na inajibu haraka. 86 ina mota kwenye safu ya usukani, uwiano 13.1:1. Inakwenda pale pale unapoielekeza, lakini habari ndogondogo za lami zinaishia kwenye mota.

Mimi ningepanga hivi: NA bila pawa, MR-S, NB, halafu 86.

KonaYaIgoma
86 inaonewa hapa. Imeanza kutoka 2012, NA ya mwisho ni ya 1997. Reki (fimbo ya meno inayokata magurudumu) iliyochoka haina hisia yoyote, ina mchezo, yaani ulegevu, tu. Na kama hisia ndiyo kila kitu, mshaurini Lotus Elise, ile haina pawa kabisa. Halafu mtuambie spea zake anazipata wapi hapa Mwanza.

FundiNyakato
Hoja ya uchakavu naikubali, ndiyo maana ukaguzi ni muhimu kuliko jina la gari. Weka magurudumu yaangalie mbele, injini iwe inawaka kama kuna pawa ya oili, kisha chezesha usukani taratibu. Kwenye Roadster mchezo ukizidi milimita 30 kwenye ukingo wa usukani, kuna kitu kimeisha. Inua mbele kwa jeki, uweke stendi. Shika gurudumu kushoto na kulia ulitikise: likicheza ni tairodi (fimbo ya kutoka reki hadi gurudumu) au reki. Shika juu na chini: likicheza ni bearingi au boljointi (kiungo cha mpira wa chuma).

Halafu angalia buti za reki. Buti ikipasuka, vumbi la rafu rodi linaingia na kusaga meno ya katikati, kwa sababu muda mwingi unaendesha usukani ukiwa umenyooka. Fundi asiyejua atakaza nati ya reki kuondoa mchezo. Katikati patakuwa sawa, ila ukikata kona usukani unakwama na haurudi. Reki ikifika hapo, badilisha.

MwambaWaBwiru
Asanteni. NA nyingi ninazoziona zina pawa. Kuna fundi ananiambia nitoe tu mkanda wa pampu, hisia itakuja yenyewe.

DagaaMkavu
Usikubali. Ukitoa mkanda peke yake, pistoni ndani ya reki inabaki inasukuma oili huku na huku, usukani unakuwa mzito kama umelowekwa kwenye uji. Kazi kamili ni kushusha reki, kuifungua, kutoa sili ya pistoni, kusafisha oili, kupaka grisi, na kuchomelea kile kifimbo cha msokoto kwenye pinioni (gia ndogo inayosukuma reki), maana kina mchezo kidogo uliowekwa kwa ajili ya valvu ya oili. Ukikiacha, katikati panakuwa na ulegevu. Hata hapo uwiano unabaki 15:1, mzito kuliko reki ya kiwandani isiyo na pawa. Kwa mtu wa kuegesha Kenyatta Road kila siku, bora abaki na pawa nzima yenye ATF (oili ya pawa) safi.

Sengerema_Lami
Mmesahau tairi, na hapo ndipo pesa kidogo inaleta tofauti kubwa. Soma tarakimu nne za mwisho za DOT, namba iliyo ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira mkongwe umekauka, haukwambii kitu. NA inavaa 185/60R14, upepo psi 26 zote nne. MR-S ni 26 mbele na 32 nyuma, usizisawazishe. Na rimu za kutokeza nje achana nazo: NA ilitoka na ofseti (umbali wa uso wa kufungia rimu kutoka katikati yake) ya milimita 45, ukiishusha mpaka 20 usukani utavutwa na kila mfereji wa malori.

DagaaMkavu
Alaimenti ya NA au NB kwa barabara zetu: mbele kasta digrii 5, kamba (camber, gurudumu kuegemea ndani kwa juu) hasi digrii 1, too (toe, pua za tairi kuelekeana) ya ndani milimita 1 au 2 kwa jumla. Nyuma kamba hasi 1.5, too ya ndani milimita 2 au 3. Kasta ya kushoto na kulia zisipishane zaidi ya nusu digrii.

Kabla ya kulipa, omba picha za chini zinazoonyesha boliti za kurekebishia alaimenti kwenye mikono ya chini ya sasipensheni, ziko 8. Ziwa letu ni maji baridi, halina hatia, ila gari ya Hokkaido, kaskazini mwa Japani, imekula chumvi ya theluji na boliti zinashikana na bushi. Zikishikana, mashine ya alaimenti itakuonyesha namba tu bila kuzibadilisha. Ni za kukatwa, kwa hiyo agiza boliti zote na bushi zake zifike kabla gari haijapanda jeki.