Uchumi unakua kwenye hotuba, dagaa wetu wanaoza mwaloni

Wanajukwaa, salaam.

Nimechoka kusomewa takwimu za ukuaji kana kwamba zinajibu kila swali. Uchumi wa Tanzania ulikua kwa asilimia 5.1 mwaka 2023 na kwa asilimia 5.5 mwaka 2024, na Benki ya Dunia ilikwisha kutuweka katika kundi la kipato cha kati cha chini tangu Julai 2020. Sibishi. Ninachohoji ni kwa nini sisi wafanyabiashara wa dagaa hapa Mwanza tunazuiwa kukua na mamlaka zilezile zinazotutangazia ukuaji.

Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza na kuanikwa kunapokucha, na katika mialo mingi (fukwe za kushushia samaki) ya Ziwa Victoria bado wanaanikwa juu ya mchanga. Masika yakiingia jua linapotea, dagaa wanaanza kuoza, na mzigo uliostahili kuliwa na watu Dar es Salaam au Kongo unauzwa kwa bei ya kutupa kwa watengenezaji wa chakula cha kuku. Dawa yake inajulikana miaka mingi: vichanja vya nyavu, vikaushio vya jua vilivyofunikwa kwa nailoni, na maghala yasiyovuja. Ushuru unakusanywa kila siku, mvua inyeshe isinyeshe, lakini vichanja hatuvioni.

Vibali navyo ni balaa. Msimu uliopita mzigo wangu ulizuiwa kwenye kizuizi cha barabarani kwa sababu ofisa wa ofisi moja hakuitambua karatasi iliyotolewa na ofisa wa ofisi nyingine, ilhali wote wawili wanalipwa mshahara na Serikali moja. Lori lilipoachiwa, mteja alikwisha kununua kwa mtu mwingine, na gharama ya kulilaza lori nikailipa mimi. Serikali yenyewe ilikiri tatizo hili mwaka 2018 ilipoandaa mpango wa kuboresha mazingira ya biashara, na mwaka 2019 ikahamishia TBS (Shirika la Viwango) udhibiti wa chakula uliokuwa chini ya TFDA (Mamlaka ya Chakula na Dawa), hatua ambayo naipongeza hadi leo. Kwa nini basi mwenye gunia la dagaa bado anazungushwa?

Kuhusu mikopo, nisieleweke vibaya, sidai fedha za bure. Julai 2025 Benki Kuu ilishusha riba yake elekezi kwa mabenki hadi asilimia 5.75, lakini riba ya mikopo katika benki za biashara kwa wastani inacheza kwenye asilimia 15, na hata anayekubali riba hiyo anadaiwa dhamana ya nyumba yenye hati. Wengi wetu tumejenga kwenye milima ya mawe ambako hati ni ndoto, na mtumbwi, injini au shehena ya dagaa haihesabiki kuwa mali. Matokeo yake mvuvi anakopa mafuta na nyavu kwa mnunuzi, na mnunuzi huyohuyo ndiye anayepanga bei ya dagaa kabla hawajavuliwa. Faida inabaki kwa mwenye mtaji, mvuvi anarudi ziwani akiwa na deni, na hakuna anayeweza kuweka akiba ya kununua hata kikaushio kimoja. Hapo ndipo ukuaji unapokwama, na sijamsikia kiongozi hata mmoja akilisema hilo jukwaani.

Najua atatokea mtu wa kunikumbusha Daraja la Kigongo–Busisi linalovuka ziwa hapa Mwanza, lililofunguliwa Juni 2025. Ni daraja zuri, na adha ya kusubiri kivuko imekwisha. Ila lori linalovuka kwa dakika chache kisha likalala kwenye kizuizi kinachofuata halijaokoa muda wowote.

Tunaambiwa kwamba kwa Dira ya 2050, yaani dira ya maendeleo ya taifa, tutafikia uchumi wa dola trilioni moja. Mwaka 2024 tulikuwa kwenye karibu dola bilioni 80. Kwa hesabu hiyo ya dola, uchumi unapaswa kukua kwa zaidi ya asilimia 10 kila mwaka, miaka 25 mfululizo. Nani atauzalisha, ikiwa mzalishaji anakamuliwa kabla hajauza?

Nazitaka halmashauri zote zenye mialo zibandike hadharani, mwalo kwa mwalo, ushuru uliokusanywa mwaka wa fedha uliopita na kiasi kilichorudi kujenga vichanja na maghala. Mwenye hesabu hizo aziweke hapa tuzijadili.