Zege linalokaa kama mbao, ofisi ya mkoa wa Kagawa: kwa Tabora tungefanyaje?

Mchoraji_Isevya:
Wakuu habari za jumapili. Mi nachora ramani hapa Tabora, jana nimeshinda kwenye picha za ofisi ya serikali ya mkoa wa Kagawa kule Japani, mji wa Takamatsu, kaichora Kenzo Tange ikaisha 1958, ghorofa nane zege tupu hakuna plasta hakuna rangi, ila ukiliangalia unaona kabisa kazi ya seremala, kila floo ina baraza na chini yake vimetokeza vichwa vidogo vidogo vya boriti kama hekalu lao la zamani. Sasa hivyo vichwa si urembo tu? Naulizia maana kuna mteja anataka ofisi "yenye asili ya Kinyamwezi" na kinachonijia ni paa la msonge juu ya ghorofa, naona kama ghorofa limevalishwa kofia 😂

fundi_zege:
Achana na kofia mkuu. Yale mabaraza yanafanya kazi, jua na mvua vinaishia pale, vioo vimerudi ndani. Afu kule kuna matetemeko, Tange kaweka kuta nene katikati ya jengo ndo zinapokea kishindo, nguzo za nje zikabaki nyembamba, zingekuwa nene hiyo sura ya mbao usingeiona. Na zege tupu msidhani ni kubana hela, mbao za kumwagia lazima ziungwe kama unatengeneza kabati, ukikosea huna plasta ya kuficha aibu. Sisi bila plasta tungeumbuka wengi.

Mwamba_wa_Ujiji:
Mi nimependa pale chini. Pako wazi, jengo limesimama kwenye nguzo, mwananchi anatoka barabarani anaingia mpaka bustanini, na huo mji ulikuwa umeunguzwa kwa mabomu Julai 1945 kwahiyo watu walihitaji pa kukaa pamoja. Huku kwetu ukisogea tu geti la ofisi, "unamtaka nani, andika kitabu". Hapa Kigoma kivuli cha maana nakipata stesheni, lile jengo la Mjerumani lenye matao, reli imefika 1914 na jua la huku walishalijua 😅

bibi_mwembe:
Mwanangu Mchoraji, Kwihara si hapo tu? Kaangalie tembe alilokaa Livingstone 1872, kuta nene za udongo, baraza, ua katikati. Watakuja wabishi kusema lile la Waarabu, waache, matembe watu wa bara wameyajenga na kuyalalia miaka na miaka. Chukua ua na baraza, msonge waachie wenye hoteli.

fundi_zege:
Bibi kamaliza. Ila paa bapa la tembe uangalie maji ya masika, usije kunipigia simu.

Mchoraji_Isevya:
Shikamoo bibi, nimechora ua, baraza pande zote, chini wazi, nikamrushia mteja. Kajibu kwa voisi, sekunde nne tu: "Nzuri, ila vioo vya bluu umeviweka wapi?"